Si Kila Mguso ni Rafu: Nasaha kwa Wazazi wa Wanasoka

Zipo familia zetu za Pwani ambazo watoto wao wanasoma au wanaishi katika miji ya Mlima Kenya: Nyeri, Karatina, Nanyuki na Meru. Huko masika ya Machi hadi Mei huloweza nyasi, miguu ikateleza na miili ikagongana. Mzazi aliyezoea soka ya mchangani, akisimama ukingoni mwa uwanja wa Ruring'u mjini Nyeri, huenda akajiuliza: mbona mwanangu ameanguka na mwamuzi hapulizi kipenga?

Jibu limo katika Sheria ya 12 ya soka. Kugusana peke yake si kosa. Wachezaji wawili wanaougombea mpira ulio karibu nao wanaruhusiwa kusukumana bega kwa bega, maadamu hawatumii viwiko wala nguvu za kupindukia. Mwenye mwili mwepesi akianguka hapo, mchezo huendelea.

Panapokuwa na kosa, mwamuzi hupima daraja tatu. Ya kwanza ni uzembe: mchezaji amemwendea mwenziwe bila tahadhari. Adhabu yake ni mpira wa adhabu, bila kadi. Ya pili ni kutojali hatari inayomkabili mwenziwe, nayo huleta kadi ya njano. Ya tatu ni nguvu za kupindukia zinazohatarisha usalama wa mwenziwe. Hapo hutoka kadi nyekundu. Kosa la namna hii likitendwa na mlinzi ndani ya eneo lake la hatari, mpira ukiwa mchezoni, huwa penalti.

Wengi wetu hupaza sauti, "Lakini ameugusa mpira kwanza!" Kuugusa mpira hakumwokoi aliyeutia hatarini mguu wa mwenziwe.

Kwa mabinti zetu lipo jambo la ziada. Mwaka 2014 bodi inayotunga sheria za soka iliruhusu rasmi vazi la kichwa. Sharti liwe jeusi au la rangi kuu ya jezi, lisiunganishwe na jezi, wala lisiwe na sehemu zinazochomoza au kifungo cha hatari shingoni. Kwa hiyo pini zibaki nyumbani. Nao ulinzi upo: sheria inahesabu kuwa ni kosa kumshika mchezaji mwili au vazi na kumzuia asiende. Anayemvuta binti hijabu ili kumzuia ametenda kosa sawa na anayevuta jezi, na binti ana haki ya mpira wa adhabu.

Tunawanasihi wazazi wamweleze mtoto haya kabla ya mechi. Binti anayeijua haki yake hatauacha mchezo kwa sababu ya kuvutwa mara moja. Atamwarifu nahodha au mwalimu wake kwa adabu. Na sisi tulio ukingoni tumwachie mwamuzi kipenga chake, kwani watoto hujifunza heshima kwa kututazama.