Mtoto wa Ituri akitaka kuwa polisi kule Marekani

Wengi wetu tuko na ndugu waliopitia Uganda, kambi ya Kyangwali, mpaka wakafika Marekani. Vijana wao wakitupigia simu, wengine wanaulizia kazi ya polisi. Inawezekana. Mwaka 2014 polisi ya mji wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, ilimkubalia Kadra Mohamed, binti wa Kisomali, avae hijabu pamoja na sare.

Lakini majimbo mengi yanataka polisi awe raia wa Marekani kwanza. Mkimbizi anangoja miaka 5 ndipo aombe uraia, kisha anaapa.

Hapo ndipo penye shida, na watu hawaiongelei. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu, haukai pamoja na mwingine. Ukiapa kule, wa huku unapotea. Baba akifa, utaomba viza ya kuja kumzika. Parcelle haitaandikwa kwa jina lako kama concession perpétuelle. Na Mongbwalu je? Kadi ya mchimbaji, Code minier inampa Mukongomani peke yake: mtoto aliyelelewa na dhahabu ya baba yake atahesabiwa mgeni kwenye shimo lilelile.

California iliondoa sharti la uraia tangu 2023, Illinois tangu 2024. Sheria inataka kibali cha kazi. Aliye kule, tunamwambia asikimbilie kuapa. Sare ataipata, na Bunia itabaki kwao.