Presibiopia: Kupungua kwa Uoni wa Karibu na Njia za Upasuaji

Msimu wa korosho unapofika Masasi na Newala, wazee wengi huwaomba vijana wawasomee stakabadhi za mauzo. Mkulima asiyeweza kusoma kilo zilizoandikwa hubaki kuamini anachoambiwa. Mada ya jicho na lenzi hukupa maarifa ya kueleza tatizo hili na kushauri la kufanya.

Chanzo chake

Unapotazama kitu cha karibu, misuli ya siliari hujikaza, lenzi ya jicho hunenepa na kupinda mwanga zaidi. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi huwa imekakamaa na hainenepi vya kutosha. Miale kutoka kitu cha karibu hukutana nyuma ya retina, na maandishi huonekana yenye ukungu. Hali hii ndiyo presibiopia. Katika utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, watu takriban 62 kati ya kila 100 wenye miaka 40 na zaidi walikuwa nayo.

Usiichanganye na mtoto wa jicho, ambapo lenzi yenyewe hupoteza uangavu. Miwani haiondoi mtoto wa jicho.

Mfano wa hesabu

Babu anaona vizuri kuanzia sentimeta 50. Anataka kusoma kwa umbali wa sentimeta 25. Nguvu ya miwani anayohitaji ni:

1/0.25 − 1/0.50 = 4 − 2 = +2 daiopta

Alama ya kujumlisha huonyesha kuwa lenzi ni mbinuko, yaani nene katikati.

Njia za upasuaji

(a) Leza kwenye konea. Umbo la konea hubadilishwa. Mara nyingi jicho moja hurekebishwa lione mbali na jingine lione karibu. Udhaifu wake ni kwamba uwezo wa kukadiria umbali hupungua, na si kila mtu huzoea.

(b) Kubadilisha lenzi. Lenzi ya asili hutolewa na ya bandia huwekwa. Daktari Harold Ridley alianzisha upasuaji wa kuweka lenzi bandia London mwaka 1949. Lenzi bandia ya kawaida huonyesha vizuri umbali mmoja tu. Zipo zinazoonyesha umbali zaidi ya mmoja, lakini baadhi ya watu huona miduara kuzunguka taa usiku.

(c) Kipandikizi ndani ya konea. Kimojawapo, Raindrop, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2016. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa tahadhari, kwa sababu kiliongeza hatari ya konea kupata ukungu.

Uamuzi

Hakuna hata njia moja kati ya hizi inayoirudishia lenzi ya asili ulaini wake wa ujanani. Kila upasuaji una hatari zake, ikiwemo maambukizi, na haubatilishwi kwa urahisi. Miwani huvuliwa, na hubadilishwa nguvu kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo, kwa presibiopia pekee, miwani ya kusomea ndiyo chaguo la kwanza. Upasuaji huwa wa lazima pale mtoto wa jicho anapozuia kuona. Hata baada ya hapo, mgonjwa aliyewekewa lenzi ya umbali mmoja, inayoonyesha mbali, bado atahitaji miwani ya kusomea.

Kumbuka: mzee apimwe macho hospitali kabla ya kununua miwani sokoni. Presha ya macho huharibu uoni polepole bila maumivu, na miwani haiwezi kuizuia.

Jipime

1. Eleza tofauti mbili kati ya presibiopia na mtoto wa jicho.
2. Bibi anaona vizuri kuanzia mita 1. Kokotoa nguvu ya miwani itakayomwezesha kusoma kwa umbali wa sentimeta 25.
3. Kwa nini mtu aliyewekewa lenzi bandia ya umbali mmoja huendelea kuhitaji miwani?