Kuingiza ching'wekwe kwenye banda la kuku wakubwa

Kamati kadhaa za sharika, na wafadhili pia, wametuuliza kwa nini makisio ya mradi wa kuku yana fungu la wavu na mbao wakati kilichoombwa ni kuku. Jibu linaanza na kosa letu wenyewe.

Ching'wekwe ni kuku wa kienyeji mwenye umbo dogo na miguu mifupi, anayefahamika hasa Morogoro na Dodoma. Tulimchagua kwa ajili ya kaya za wajane na wazee kwa sababu hujitafutia chakula, na mwili wake hauhitaji pumba nyingi. Mgao wa kwanza tuliufanya siku moja tu, baada ya ibada. Kila mama aliondoka na matetea wawili kikapuni, akawafungulia uani jioni ileile kati ya kuku aliokuwa nao, ambao wengi wana damu ya kuchi. Kuchi ni mrefu, mzito na mgomvi. Jogoo wake hufikia kilo mbili na nusu na zaidi, na tetea wa ching'wekwe ana kilo moja na kidogo.

Tulipozitembelea kaya tuliwakuta baadhi wamejibanza nyuma ya mitungi, visogo vimenyonyoka, hawajala. Katika nyumba moja hawakubaki hata kuku wa zamani. Kideri, ambacho wengine huita mdondo, kiliingia, na hatuwezi kuapa kwamba hakikuja na kikapu chetu. Mama yule alitupokea kwa chai kama kawaida, jambo lililotuumiza zaidi.

Kuku wana ukubwa na udogo wao. Kila mmoja anamjua anayeweza kumdonoa na yule ambaye lazima ampishe. Mgeni akiingia, mpangilio huo huvunjika na kupangwa upya kwa midomo, na kuku mdogo huangukia chini kabisa, mahali ambapo hafikii chakula.

Kwa hiyo sasa tunaanza na afya. Wageni hukaa mbali na wenyeji kwa wiki tatu, wakiwa na vyombo vyao, na mwenye nyumba huwahudumia wenyeji kwanza ndipo aende kwa wageni. Kuku wote wazima huchanjwa kideri kwa chanjo ya I-2 inayostahimili joto: tone moja jichoni, na kurudia kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Kuku anayeonekana mgonjwa hachanjwi.

Baada ya hapo ndipo wavu unapofanya kazi. Kona ya banda huzungushiwa wavu, wageni wakaa humo kwa wiki moja hivi, wanaonana na wenyeji bila kufikiana. Siku ya kuwachanganya tunawaweka kwenye fito usiku, wenyeji wakiwa wamelala, na kamwe si mmoja peke yake. Asubuhi chakula kimwagwe sehemu mbili au tatu zilizo mbali. Pia tenga liinuliwe juu ya mawe kiasi cha kuku mdogo kupita chini yake, kama tufanyavyo kwa vifaranga, na ndani yake pawe na maji na pumba. Kudonoana kidogo kwa siku chache ni kawaida. Damu ikionekana, aliyejeruhiwa atolewe mara moja, maana wenzake hawataacha kidonda hicho.

Jogoo mkubwa tunamwogopa kuliko matetea. Uzito wake humchubua tetea mdogo mgongoni kila anapompanda. Ni heri auzwe au atengwe, jogoo wa ching'wekwe achukue nafasi yake. Ushauri huu haupendwi, kwani kuchi ana bei nzuri na wenye nyumba wanajivunia.

Katika mgao ujao hakuna kaya itakayopewa kuku kabla ya wavu kufungwa na chanjo kutolewa. Tunaomba kila usharika usio na mchanjaji ulete majina ya watu wawili, mmoja awe mwanamke, katika ofisi ya miradi ili wafundishwe kabla kuku hawajanunuliwa.