Usakinishaji wa Programu Huria kwenye Kompyuta za Mezani: Wepesi, Data na Uaminifu katika Pwani ya Mtwara na Maingilio ya Mto Ruvuma

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna programu huria zinavyosakinishwa kwenye kompyuta za mezani na masharti yanayoifanya kazi hiyo iwe nyepesi au ngumu katika pwani ya Mtwara. Hoja kuu ni kwamba wepesi wa usakinishaji haupimwi kwa idadi ya vitufe anavyobonyeza mtumiaji pekee, bali pia kwa kiasi cha data kinachohitajika baada ya kitufe cha mwisho kubonyezwa. Baadhi ya mbinu zilizobuniwa ili kupunguza ujuzi unaohitajika zimeongeza data inayohitajika. Makala inapendekeza hazina ya karibu inayosafirishwa kwa diski na kuhakikiwa kwa saini ya kidijitali.

1.0 Utangulizi

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake chanzo uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. LibreOffice, QGIS na mfumo endeshi wa Debian hupatikana bila ada ya leseni. Hata hivyo, programu kutokuwa na ada hakumaanishi kwamba humfikia mtumiaji bila gharama.

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ina eneo la takribani kilomita za mraba 650 lenye matumbawe, mikoko na vijiji vya wavuvi. Kuchora ramani za eneo la namna hiyo ni kazi ambayo QGIS inaimudu. Mhitimu aliyejifunza programu hiyo Dar es Salaam anaweza kuitumia Msimbati au Msangamkuu endapo tu ataweza kuisakinisha huko, na kuisakinisha upya kompyuta inapoharibika.

Anayeshindwa kusakinisha programu huria kwa kawaida haachi kazi yake. Huichukua nakala iliyovunjwa kufuli, inayopita mkono kwa mkono kwenye diski mweko, isiyopokea marekebisho ya usalama na ambayo hakuna anayejua imebeba nini. Suala hili limepata uzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, ingawa bado zinaweza kuendeshwa kwa mifumo huria.

2.0 Pakiti na Utegemezi

Istilahi inahitaji kubainishwa kwanza. Baadhi ya tafsiri hutumia neno "kifurushi" kwa faili lenye programu iliyo tayari kusakinishwa. Kwa mtumiaji wa simu nchini Tanzania, kifurushi ni bando la dakika au data. Ujumbe usemao "kifurushi hakipatikani" unaweza kumfanya aongeze salio badala ya kutafuta faili. Kwa sababu hiyo, makala hii inatumia neno "pakiti".

Programu haisimami peke yake. QGIS huhitaji GDAL ili kusoma data za kijiografia, PROJ ili kubadili mifumo ya majiranukta, na Qt ili kuchora kiolesura. Kila moja kati ya hizo nayo ina mahitaji yake. Mnyororo huu ndio unaoitwa utegemezi, na ndio uliokuwa chanzo kikuu cha ugumu: mtumiaji alipakua pakiti moja, akaambiwa inahitaji nyingine tatu, nazo zikahitaji nyingine.

Jibu la Debian lilikuwa APT, iliyoingizwa katika toleo la 2.1 la Machi 1999. APT husoma faharasa ya hazina, hukokotoa mnyororo mzima na kuleta pakiti zote kwa amri moja. Ugumu uliobaki ulikuwa wa matoleo: hazina thabiti hubaki na toleo la zamani la programu ili isivuruge pakiti nyingine. Flatpak, iliyofikia toleo la 1.0 Agosti 2018, ilitatua hilo kwa kuitenga programu na mfumo na kuipa mazingira yake ya utekelezaji. Mtumiaji hubonyeza kitufe kimoja na programu hufanya kazi katika usambazaji wowote wa Linux.

Hata hivyo, programu ya kwanza ya Flatpak huja na mazingira hayo, ambayo huweza kufikia mamia ya megabaiti. Palipo na intaneti isiyo na kikomo gharama hiyo haionekani. Kwa anayenunua bando lenye muda maalumu, upakuaji unaokatika katikati ni fedha iliyopotea. Hivyo, mzigo uliokuwa wa ujuzi umegeuka kuwa mzigo wa data.

3.0 Funzo la Jambo OpenOffice

Tanzania ina uzoefu wa mapema katika eneo hili. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye kiolesura cha Kiswahili, Desemba 2004. Mradi huo ulithibitisha kwamba istilahi za kompyuta zinaweza kuundwa na kutumika katika programu kamili.

Funzo lake kwa mada hii ni kwamba tafsiri ni sehemu ya pakiti. OpenOffice iliendelea kubadilika, na mwaka 2010 LibreOffice ikachipuka kutoka kwayo. Kila toleo jipya huja na maneno mapya ya kutafsiriwa. Tafsiri isiyosasishwa na kusafirishwa pamoja na programu humwacha mtumiaji na kisakinishi cha Kiingereza, hata kama kazi ya lugha ilikwisha kufanywa.

4.0 Usakinishaji Usiotegemea Intaneti

Kikwazo cha kwanza huwa ni mfumo endeshi wenyewe. Kabla ya Debian 12, kisakinishi rasmi hakikuwa na programu dhibiti zisizo huria. Kompyuta ambayo kadi yake ya Wi-Fi ilihitaji programu hiyo ilitakiwa iwe na intaneti ili ipate kitu cha kuiunganisha na intaneti. Kufuatia kura ya wanachama wa Debian mwaka 2022, toleo la 12 la Juni 2023 liliziingiza ndani ya kisakinishi. Uamuzi huo wa kisera uliondoa ugumu ambao mafunzo kwa mtumiaji yasingeweza kuuondoa.

Kwa programu za ziada zipo njia mbili. Kwanza, apt-offline huandika kwenye kompyuta isiyo na mtandao orodha ya kila kinachohitajika. Orodha hupelekwa kwa diski mweko hadi penye intaneti, pakiti hupakuliwa, kisha hurudishwa na kusakinishwa. Pili, chuo au ofisi yaweza kutunza nakala ya hazina kwenye diski kuu na kuihudumia kwa mtandao wa ndani. Flatpak nayo ina amri ya create-usb inayonakili programu pamoja na mazingira yake kwenye diski mweko.

Swali la uaminifu lajibiwa na saini. Faharasa ya hazina ya Debian hutiwa saini ya kidijitali, na ndani yake mna alama ya utambulisho ya kila pakiti. Uhakiki hufanyika ndani ya kompyuta inayopokea, bila mtandao. Pakiti iliyosafiri kwa basi takribani kilomita 560 kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara huhakikiwa sawasawa na iliyopita kwenye mkongo, na ikibadilishwa njiani hukataliwa. Nakala iliyovunjwa kufuli haina uwezo huo, ingawa zote mbili hubebwa kwa diski ileile.

5.0 Mipaka na Hitimisho

Saini huthibitisha asili ya pakiti. Haithibitishi kwamba ni mpya. Diski isiyosasishwa kwa mwaka mzima hubeba pakiti halali zenye mianya inayojulikana. Kwa hiyo hazina ya karibu huhitaji mtunzaji na ratiba, na hilo ni jukumu la taasisi kuliko la mtumiaji mmoja.

Haja hiyo si ya vijijini pekee. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani. Kisakinishi kinachodhani intaneti ipo wakati wote kimejengwa juu ya dhana ambayo hata miji mikubwa haiwezi kuihakikisha. Tathmini ya wepesi wa usakinishaji inapaswa, pamoja na hatua anazopitia mtumiaji, kupima data inayotumika, matokeo ya upakuaji unapokatika, uhakiki bila mtandao, na kama Kiswahili kimo ndani ya pakiti.