Chakula Kipo Sokoni, Njaa Ipo Nyumbani: Somo la Profesa Amartya Sen

Tunaposikia kwamba kuna njaa mahali fulani, mara nyingi tunauliza: Je, mvua ilinyesha? Mavuno yalikuwa magunia mangapi? Ni maswali mazuri, lakini hayatoshi. Katika ukurasa huu tunaeleza kazi ya Profesa Amartya Sen wa India, mwalimu wa uchumi aliyetufundisha kuuliza swali jingine: ni nani aliyeshindwa kukipata chakula, na kwa nini?

Sen alizaliwa mwaka 1933 huko Bengal. Alikuwa na miaka tisa njaa kuu ya mwaka 1943 ilipoua watu kati ya milioni mbili na tatu. Babu yake alimpa kikopo cha sigara, akamruhusu akijaze mchele na kuzigawia familia zilizopita zikiomba, kikopo kimoja kwa kila familia. Mtoto huyo aliona jambo la ajabu: kati ya ndugu zake na wanafunzi wenzake, hakuna aliyepata shida. Waliokufa walikuwa maskini wa vijijini.

Mwaka 1944, wakati wa mapigano ya Wahindu na Waislamu mjini Dhaka, mtu mmoja aliingia uani kwao akivuja damu. Alikuwa kibarua Mwislamu, amechomwa kisu katika mtaa wa Wahindu. Mke wake alikuwa amemsihi asiende huko, lakini nyumbani hapakuwa na chakula, akaenda kutafuta kazi. Alifia hospitalini. Kwa Sen, huo ulikuwa ushahidi kwamba umaskini humnyima mtu hata nafasi ya kuchagua usalama wake.

Mwaka 1956, kabla hajatimiza miaka 23, Sen aliteuliwa kuongoza idara mpya ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Jadavpur, Calcutta. Wapo walionung'unika kwamba ni kijana mno. Muda si mrefu alipata nafasi ya kusoma lolote alitakalo huko Cambridge kwa miaka minne, akachagua falsafa. Aliona kwamba uchumi unaweza kuhesabu mali, lakini swali la nani anastahili nini ni swali la haki pia. Baadaye alifundisha Delhi, London, Oxford na Harvard, ambako alikuwa profesa wa uchumi na wa falsafa pia.

Mwaka 1981 alitoa kitabu kuhusu umaskini na njaa. Alipochunguza takwimu za Bengal aligundua kwamba chakula cha mwaka 1943 kilipungua kwa asilimia 5 tu kulinganisha na wastani wa miaka mitano iliyotangulia. Tena kilizidi cha mwaka 1941 kwa asilimia 13, na mwaka 1941 hapakuwa na njaa. Kilichotokea ni nini? Matumizi ya vita yalipandisha bei ya mchele. Ujira wa kibarua wa shambani haukupanda kwa kiasi hicho, na samaki wa mvuvi hakuweza tena kununua mchele wa kutosha. Chakula kilikuwapo; uwezo wa kukipata ndio uliopotea.

Profesa huyu hakubaki ofisini. Yeye na mtafiti mwenzake walipima uzito wa watoto wote wa chini ya miaka mitano katika vijiji viwili vya Bengal Magharibi. Mtoto aliyekuwa anang'ata kila mkono uliomkaribia alipowashinda wasaidizi, aliitwa Profesa aje ampime. Mizani ilionyesha kwamba wasichana walikuwa na lishe duni kuliko wavulana. Kumbe hata ndani ya nyumba moja, chakula kinaweza kuwapo na mmoja akakikosa.

Mawazo yake yalisaidia pia kuandaa Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu, iliyoanza kutolewa na shirika la UNDP mwaka 1990 chini ya rafiki yake Mahbub ul Haq wa Pakistan. Ripoti hiyo haipimi nchi kwa kipato peke yake, bali pia kwa urefu wa maisha na elimu. Mwaka 1998 Sen alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Sehemu ya fedha hizo alianzishia mfuko wa kusaidia elimu, afya ya msingi na usawa wa wanawake nchini India na Bangladesh.

Sisi tunaofanya kazi vijijini tuna la kujifunza hapa. Ghala la kijiji likijaa tunafurahi, na ni haki yetu. Lakini tusifunge taarifa ya mradi kabla ya kuuliza kuhusu kibarua asiye na shamba, mjane asiye na kitu cha kuuza, na binti anayekula wa mwisho. Idadi ya magunia haiwezi kutujibu hayo. Tutajibiwa tukibisha hodi nyumba kwa nyumba, na mizani mkononi.