Waliochaguliwa na Walioteuliwa: Wakae Pamoja Namna Gani?



Hapa kwetu bondeni, tangazo kama hili laweza kusikika kanisani: komite ambayo wakristo waliichagua kwa kura itaongezewa watu wengine, wasio wachungaji, walioteuliwa tu. Manung'uniko yanaanza palepale. Mmoja anauliza: "Sasa juu ya nini tulipiga kura?" Mwingine anajibu: "Nyamaza, hao ni watu wenye masomo, watatusaidia." Nani ana haki? Tuangalie neno hili polepole.

Kwanza, faida. Tuseme kanisa linataka kujenga. Komite ina watu 12, wote wa kura, wote waaminifu. Lakini hakuna hata mmoja anayejua kushika kitabu cha feza. Nyuma kabisa, kwenye benchi la mwisho, anakaa mama mmoja mhasibu, mpole, amehamia juzi tu. Kwa kura hatapita, maana kura inafwata mtu anayejulikana. Kuteua ni mlango wa kumwingiza.

Sasa hatari. Shika kalamu, tufanye hesabu. Katika komite ya watu 12, ili neno lipite, zinatakiwa sauti 7. Prezida akiongeza watu 4, wanakuwa 16, na sasa zinatakiwa sauti 9. Ikiwa wale 4 wanamfwata yeye daima, anahitaji 5 tu kati ya waliochaguliwa. Wengine 7 wakikataa, wanashindwa kwa 9 dhidi ya 7. Ndiyo kusema: wengi waliochaguliwa na wakristo wamesema hapana, na neno limepita! Hapo watu hawagombani kwa wivu. Wanagombana kwa hesabu.

Wengine wamefanya nini? Mfano wa kwanza uko karibu, ijapokuwa si wa kanisa. Katika Baraza la Jimbo letu la Kivu ya Kusini, pamoja na wabunge wa kura kuna machefu wa kimila wanaoongezwa bila kura ya raia. Lakini Katiba ya mwaka 2006 iliweka mpaka: walioongezwa wasipite sehemu moja ya kumi ya wabunge wote. Kwa ile komite yetu ya watu 12, ingekuwa mtu mmoja tu.

Mfano wa pili ni wa kanisa. Kanisa la Anglikana la Uingereza lina Baraza la Maaskofu Wakuu, lililoanza mwaka 1999. Ndani yake kuna waliochaguliwa na sinodi, na tena watu wasiozidi 6 wanaoteuliwa na maaskofu wakuu wawili, wa Canterbury na wa York. Lakini hawateui wakamaliza. Sinodi inapaswa kukubali majina.

Hata katika Matendo sura ya 6, mitume hawakuwateua wale saba wao wenyewe. Walitaja sifa zinazotakiwa, kusanyiko likachagua, kisha mitume wakawawekea mikono. Viongozi na watu walifanya kazi moja.

Kwetu Kongo, Kanisa la Kristo (ECC), tangu mwaka 1970, ni umoja wa jumuiya nyingi, na kila jumuiya ina statuti zake. Kwa hiyo tusidhani kanuni ya CELPA ni lazima iwe sawa na ya CEPAC. Kabla ya kunung'unika, tuombe statuti tusome. Tutafute majibu ya maswali manne:

1. Walioteuliwa wasipite wangapi?
2. Nani anakubali majina yao?
3. Watakaa muda gani?
4. Wana kura, ao ni washauri tu?

Ikiwa majibu yameandikwa, tumkaribishe yule mama mhasibu kwa furaha. Ikiwa hayakuandikwa, hata mteule mzuri kama malaika ataonekana mtu wa prezida, na kazi yake njema itaharibika bure. Kuandika kanuni mbele si kukosa imani. Ni kumlinda ndugu na masengenyo.

Mwenye wazo lingine aandike, alete kwa komite ya gazeti letu.

Mwanafunzi wa humanite ya tatu, Sange