Kwa Gari-Nyumba hadi Niagara



Mwezi Julai mkwe wangu alikodi gari-nyumba, yaani lile gari refu lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, akatupakia sote sita kutoka Louisville kwenda Buffalo kumtembelea dada yake. Sitadai kwamba ni safari ya bei nafuu, kwani gari hilo hunywa petroli kama ng'ombe kisimani.

Kabla ya kuondoka, mjukuu wangu wa miaka 11 alishikilia tupige picha chini ya gongo la chuma la futi 120 lililoegemezwa kwenye jumba la makumbusho ya magongo ya besiboli. Timu ya Louisville huitwa Bats, neno ambalo kwa Kiingereza ni magongo na pia ni popo. Mwalimu wa lugha hapiti mbele ya jambo kama hilo bila kusimama. Nilimweleza kijana kwamba katika mji huohuo, mwaka 1946, watazamaji walimzomea Jackie Robinson alipokuja na timu ya Montreal, kwa sababu ya rangi yake tu. Mwaka uliofuata aliingia ligi kuu.

Tulifika Columbus jioni, baada ya maili zipatazo 210, tukaenda moja kwa moja kwenye uwanja wa Huntington Park, uliofunguliwa mwaka 2009, makao ya timu ya Clippers. Nakiri kwamba mchezo huo sikuupenda kamwe. Aliyelelewa na kandanda huona watu wazima wamesimama tu nyasini wakitafuna. Lakini mjukuu wangu, ambaye nyumbani hunijibu kwa Kiingereza hata nikimwamkia, alinifundisha kwa Kiswahili muda wa saa tatu, akitafuta maneno na kuyaunda: mrushaji, mpigaji, mdakaji. "Mpigaji anazunguka vituo, Bibi, lakini hapati pointi mpaka arudi nyumbani."

Akanieleza pia kwamba vijana wale wako ngazi moja tu chini ya ligi kuu, na kila mmoja anangoja kuitwa. Wengine huitwa baada ya wiki chache, wengine hawaitwi kabisa. Hadi mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wao kilikuwa dola 17,500 kwa mwaka. Mkataba wa 2023 ulikipandisha hadi 35,800. Binti yangu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliuliza, "Na asiyeitwa, huambiwa?" Hakuna aliyemjibu.

Kesho yake tulisafiri maili nyingine 330 hivi, tukipita Cleveland na kufuata ufuo wa Ziwa Erie. Wifi yake alitupikia pilau, na Jumapili tukaenda kwenye maporomoko. Wenyeji husema mandhari ya upande wa Kanada ni bora zaidi, na daraja la kuvukia lilikuwa mbele ya macho yetu. Hatukuvuka. Ombi la ukaazi la binti yangu lingali mezani, na mwenye ombi la namna hiyo akitoka Marekani bila idhini iliyotolewa mapema, anaweza kuhesabiwa kuwa ameliacha. Wenye kesi kama yake wamwulize mwanasheria kabla ya kufunga mizigo, si baada.

Alisimama kwenye ukuta wa mawe akitazama ng'ambo, nguo zimelowa manyunyu. Mjukuu alimsogelea akamsimulia kwamba hata timu ya Toronto, yenye wachezaji mamilionea, ilizuiwa na mpaka huohuo wakati wa korona, ikahamia Buffalo katika uwanja wa timu ndogo ya Bisons, mwaka 2020 na tena 2021.

"Walingoja muda gani?"

"Mpaka ulifungwa Machi 2020. Walicheza tena kwao Julai 30, 2021."

Alihesabu kwa vidole. "Miezi kumi na sita," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke Louisville. Yeye yuko katika mwezi wa ishirini na mbili.